Nani Mwenye Karama?

Katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Mtume Paulo anataja idadi. Wanaonena kwa lugha ibadani wawe wawili, wakizidi sana watatu, tena kwa zamu, na awepo wa kufasiri. Asipokuwepo, mwenye lugha anyamaze kanisani, aseme na Mungu moyoni mwake. Manabii nao wanene wawili au watatu, na wengine wayapime waliyoyasikia. Sura hii hufundishwa sana katika semina za karama, lakini idadi hiyo hupitwa haraka kama jambo la ratiba tu. Mimi naiona kuwa ndiyo moyo wa suala zima. Wafafanuzi wanabishana kama hao “wengine” ni manabii wenzao au ni kusanyiko lote, lakini kwa vyovyote vile nabii hajipimi mwenyewe, na neno lake halitoki kinywani likiwa tayari limethibitishwa.

Makanisa yetu yametumia nguvu nyingi kubishana kama karama za miujiza bado zipo au zilikoma na mitume. Mjadala huo una uzito wake, ila siyo unaotuumiza leo. Linalotuumiza ni swali la umiliki: karama ikishatolewa, ni ya nani, na nani ana haki ya kuihoji?

Korintho ulikuwa mji wa watu wanaopanda ngazi. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, Julius Caesar akauanzisha upya mwaka 44 kabla ya Kristo kama koloni, na miongoni mwa waliopelekwa kuishi humo walikuwamo wengi walioachiwa huru kutoka utumwani. Ulikuwa na bandari mbili, Kenkrea upande wa mashariki na Lekayo upande wa magharibi, na fedha ikipita katikati. Mtu angeweza kufika pale bila jina na kulipata. Kanisa la mji huo lilibeba tabia hiyo hiyo: waumini walijigawa kwa majina ya walimu wao, walishitakiana mahakamani, na kwenye Meza ya Bwana wenye nacho walikula wakashiba huku maskini wakibaki na njaa. Paulo aliwaandikia kutoka Efeso, kati ya mwaka 53 na 55. Kunena kwa lugha kulikuwa kumegeuka daraja jingine la cheo. Hakuwazuia, anasema yeye mwenyewe hunena kuliko wao wote. Lakini anapendelea maneno matano yanayoeleweka kanisani kuliko maneno elfu kumi ambayo hakuna aliyeyapata. Kipimo chake ni kile kile kutoka mwanzo wa sura hadi mwisho wake: kanisa limejengwa, au halikujengwa?

Watu wengi wamezoea kusema karama ni tisa. Tisa hizo zinatoka mwanzoni mwa sura ya 12 ya waraka huo huo: neno la hekima, neno la maarifa, imani, kuponya, miujiza, unabii, kupambanua roho, aina za lugha na tafsiri zake. Ukisoma hadi mwisho wa sura hiyo hiyo unakuta orodha ya pili, na humo yamo masaidiano na maongozi. Warumi 12 inataja saba, ambapo kukirimu, kusimamia na kurehemu vinakaa mstari mmoja na unabii. Waefeso 4 inataja watu badala ya uwezo: mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu. Waraka wa Kwanza wa Petro unazikusanya zote katika makundi mawili tu, kusema na kuhudumu. Wakatoliki wana pia vipaji saba vya Roho Mtakatifu vinavyotokana na Isaya 11, ambavyo kila mwana wa Kanisa hujifunza anapojiandaa kwa Kipaimara. Hivyo humlenga mtu katika utakatifu wake, tofauti na karama wanazopewa watu mbalimbali kwa ajili ya wengine. Kuifunga hesabu kwenye tisa ni kuchagua orodha moja na kuyasukuma kando maandiko mengine, na inayochaguliwa kila mara ni ile yenye mambo yanayoonekana jukwaani.

Kitabu cha Kutoka kinasema Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili achonge mbao, afue dhahabu na kukata vito. Katika Matendo 6, manung'uniko yalipozuka kuhusu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliosahaulika katika ugawaji wa chakula cha kila siku, mitume walitaka wachaguliwe watu saba waliojaa Roho na hekima. Kazi ya kwanza ambayo kanisa liliitafutia watu waliojaa Roho ilikuwa kugawa chakula bila upendeleo. Nalisema hili nikiwafikiria wahazini wa sharika na parokia, watu wanaohesabu sadaka Jumapili mchana wakati wenzao wameshafika nyumbani, wanaoandika kila shilingi na kugoma kutia saini hundi isiyo na kikao nyuma yake. Sijawahi kusikia mkutano wa injili ulioitishwa kumshukuru Mungu kwa karama ya mhazini. Lakini ondoa watu hao wawili au watatu, uone usharika utasimama kwa muda gani.

Vivyo hivyo makatekista na wainjilisti. Imani ya Kikristo haikuenezwa Afrika Mashariki na wamisionari peke yao. Ilienezwa na watu wa hapa waliotembea kutoka kijiji hadi kijiji wakiwa na elimu ndogo, posho ndogo au pasipo posho kabisa, wakifundisha chini ya mti sala, amri na hadithi za Yesu. Kama kuna karama ya kufundisha iliyodhihirika wazi katika nchi hizi, ni ile. Kuipa nafasi ya mwisho katika hesabu ya mambo ya kiroho ni kutomtendea haki Roho aliyeitoa.

Maswali haya si mageni. Kitabu kidogo kiitwacho Didake, cha mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kinaliagiza kanisa jinsi ya kumpokea mhubiri msafiri: akae siku moja, ikibidi mbili, akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Nabii anayeagiza karamu akiwa katika roho, asile yeye mwenyewe karamu hiyo. Kumbe waumini wa wakati ule, ambao huenda walimkuta mtu aliyewaona mitume kwa macho, walikuwa tayari wameshachoshwa na matapeli, na bado hawakufuta unabii. Waliuwekea masharti.

Baadaye karne ya pili, huko Frigia, Montano pamoja na Prisila na Maksimila walitangaza kwamba Roho anasema kupitia kwao kwa namna isiyoweza kupingwa. Kanisa liliwakataa, na hofu iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko tukio lenyewe. Kuelekea mwisho wa karne ya nne Yohana Krisostomo, akihubiri juu ya sura zile za Wakorintho, alikiri kuwa mambo hayo ni magumu kueleweka kwa sababu hayaonekani tena. Augustino wa Hippo aliwahi kufikiri hivyo hivyo, lakini uzeeni, katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu, akaandika uponyaji uliotokea katika makanisa ya jirani yake. Waprotestanti walirithi mashaka ya Krisostomo, na mwaka 1918 Benjamin Warfield wa Princeton akayapa umbo kamili: miujiza ilikuwa muhuri wa mitume, na mitume walipokwisha, muhuri uliwekwa kando. Wakati huo ilikuwa imeshapita miaka 12 tangu William Seymour, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani, aanze kuhubiri katika jengo chakavu la Mtaa wa Azusa, Los Angeles, na Upentekoste ukatoka pale kwenda dunia nzima. Ndani ya Kanisa Katoliki mjadala ulifika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Oktoba 1963 Kardinali Ruffini wa Palermo alisema karama hizo zilikuwa za kanisa la mwanzo na leo ni adimu sana. Kardinali Suenens wa Ubelgiji akamjibu kwamba kila Mkristo, aliyesoma na asiyesoma, anazo katika maisha ya kila siku. Mtaguso ulimfuata Suenens. Hati ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa inasema karama, ziwe za pekee au za kawaida, zipokewe kwa shukrani, na kazi ya kuzipima ni ya wale wanaoliongoza Kanisa, ambao wajibu wao mkubwa ni kutomzima Roho.

Huku kwetu Roho hakuingia kwa mlango mmoja. Nkamba, Kongo, mwezi Aprili 1921, Simon Kimbangu alianza kuombea wagonjwa na umati ukamfuata. Kabla mwaka haujaisha serikali ya Ubelgiji ilikuwa imemkamata na kumhukumu kifo, adhabu iliyobadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Oktoba 1951. Karama yake ilidumu hadharani miezi michache, kifungo chake miaka 30. Nyanza nako, shemasi wa Kianglikana Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa vuguvugu lililoitwa Roho, aliuawa Musanda pamoja na wafuasi wake Januari 1934.

Njia tofauti ilitokea Rwanda na Uganda. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 moto uliowaka Gahini ukasambaa hadi Kenya na Tanganyika. Watu wa uamsho huo, walioitwa Walokole, hawakuweka mkazo kwenye kunena kwa lugha. Alama yao ilikuwa kuungama dhambi waziwazi, kurudisha kilichoibwa, na kukutana kila wiki ambapo ndugu yeyote angeweza kumuuliza mwingine juu ya moyo wake. Mchungaji aliweza kuhojiwa na mama asiyejua kusoma, na aliyehojiwa hakukimbilia cheo chake. Ndugu hao walikuwa na ukali wao, na wapo waliojeruhiwa na hukumu zao. Hata hivyo walikuwa na kitu ambacho mavuguvugu yaliyokuja baadaye yalikipoteza: hakuna aliyekuwa juu ya maswali.

Kitu hicho hakikupotea mara moja. Dar es Salaam miaka ya 1970, Edmund John, mlei Mwanglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, aliombea maelfu ya wagonjwa hadi kifo chake mwaka 1975, akihimiza toba kwanza na kufanya kazi na kikundi cha wenzake, ndani ya kanisa lake. Ukimlinganisha na tuliyoyaona baada yake, tofauti iko zaidi kwa watu waliomzunguka mtumishi kuliko kwenye idadi ya walioponywa.

Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), alikuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, akisema Mungu amemwonyesha ndotoni. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Maskini walikwenda, viongozi wa serikali walikwenda, wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini kupelekwa huko, na wengine walifia njiani. Tapeli wa Didake angeomba fedha nyingi. Mzee huyu hakuomba, na maisha yake yalikuwa ya kawaida. Wengi walichukua bei ile ndogo kuwa ushahidi. Lakini bei ndogo huthibitisha tu kwamba mtu hana tamaa, haithibitishi kwamba dawa inaponya, na kwa mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI tofauti hiyo ni uhai wake. Kanisa lilipaswa kuuliza mapema, kwa upendo na kwa sauti: waliokunywa wamerudi kupimwa? Majibu ni yapi? Kumpeleka aliyeombewa akapimwe si kukosa imani. Yesu mwenyewe aliwaagiza wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kuthibitisha kupona.

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana walipokimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wamehamia huko kufuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Siwezi kuandika sentensi hizi mbili kwa utulivu. Waliokufa Moshi walitafuta kupona, kazi, mtoto, amani nyumbani; walikuwa na shida ambazo sharika zetu zenye mchungaji mmoja na mitaa mingi hazikuwa na muda wa kuzisikiliza. Anayewalaumu kwa ujinga hajawahi kukaa na mama aliyehangaika miaka kumi bila kupata mtoto, akitukanwa na mawifi. Lawama inaanzia kwa sisi tuliofundisha watu kumtafuta mtu mwenye nguvu, tusiwafundishe kwamba wao pia wana karama, na mojawapo ni ile ya kupambanua.

Tazama Agabo, nabii anayetajwa mara mbili katika Matendo ya Mitume. Mara ya kwanza anatabiri njaa. Wasikilizaji hawakumpa zawadi wala hawakununua kitu kwake. Walichanga, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi. Unabii ulizaa chakula cha watu walio mbali. Mara ya pili, Kaisaria, anajifunga kwa mshipi wa Paulo na kusema mwenye mshipi huo atafungwa hivyo Yerusalemu. Marafiki wote wanamsihi Paulo asiende. Paulo anakwenda. Hakuna anayemwambia ameasi, na Agabo hamfuati na laana. Neno lilimpa mtu habari, uamuzi ukabaki kwake mbele za Mungu. Linganisha na binti anayeambiwa, “Mungu amesema mume wako ni huyu,” au mfanyakazi anayeambiwa aache kazi na kutoa malimbikizo yake yote kama mbegu, na akisita anatishiwa laana. Vitisho hivyo peke yavyo vinatosha kuonyesha kwamba tumetoka nje ya unabii wa Agano Jipya.

Torati nayo ina vipimo viwili ambavyo sharti vitumike pamoja. Kumbukumbu la Torati 18 inasema neno lisipotimia, Bwana hakulisema. Hiki tunakijua. Sura ya 13 ni ngumu zaidi: ishara ikitimia, lakini mtu huyo anawavuta watu kwenye miungu mingine, msimsikilize. Kutimia kwa neno hakutoshi. Nabii akikutajia namba yako ya simu na jina la bibi yako, hata kama hakuambiwa na mtu yeyote, bado kuna swali la pili: anakupeleka kwa nani? Ukitoka pale unamwamini Kristo zaidi, au huwezi tena kusafiri, kuoa wala kufungua duka bila kumpigia yeye?

Serikali zimeanza kuingia pale kanisa lilipoacha mlango wazi. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayowataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya teolojia, baada ya kufunga maelfu ya nyumba za ibada. Kenya iliunda jopo la kuangalia udhibiti wa mashirika ya dini baada ya Shakahola. Usalama wa watu ni kazi halali ya dola, na mtu anayewanyima watoto chakula ahukumiwe kama mhalifu, avae joho au asivae. Lakini shahada haipimi unabii. Wapo wenye shahada walioibia waumini, na makatekista wetu wengi wangefungiwa kwa sheria hiyo. Upimaji ninaoudai ni wa watu wanaosali pamoja na kufahamiana, wanaomjua mtumishi nyumbani kwake na kwenye madeni yake.

Kwa hiyo karama igunduliwe namna gani? Tangu miaka ya 1970 yamesambaa maswali ya kujaza kwenye karatasi, mengi yakitoka Marekani, ambapo mtu hujipa alama na mwisho huambiwa karama yake. Hayana ubaya kama mwanzo wa mazungumzo, ila humwacha mtu ajitangaze, nalo ndilo tatizo letu. Kijana anayedhani ana karama ya kufundisha apewe darasa la Shule ya Jumapili kwa mwaka mzima, watoto watasema. Anayedhani ana karama ya uponyaji aanze na vitanda vya wodini, akae na wasiopona pia. Wengine husema kabla mwenyewe hajajua: mama fulani akiingia msibani watu hutulia, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ni rehema inayotajwa kwa jina katika Warumi 12. Hasa wanawake ndio wasioambiwa hivyo. Filipo mwinjilisti alikuwa na mabinti wanne waliotabiri, na Paulo katika sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anatoa utaratibu kwa wanawake wanaosali na kutabiri kusanyikoni, maana yake walikuwa wakifanya hivyo. Kwetu mwanamke huomba mkesha mzima, huongoza jumuiya ndogondogo, hulea wanakwaya, halafu katika kikao kinachopima na kuamua hayumo. Baraza la wazee lisilo na wanawake linapima karama kwa jicho moja.

Na kuhusu wagonjwa, Waraka wa Yakobo umeshaweka utaratibu. Mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Wazee, kwa wingi, si mtu mmoja. Wao ndio wanaokwenda kwake, wampake mafuta na kumwombea kwa jina la Bwana. Hakuna jukwaa, hakuna kipaza sauti, hakuna chupa ya kununua, na akipona hakuna anayeweza kusema ni maombi ya nani yaliyosikiwa. Usharika unaweza kuanza wiki hii: wazee watatu, orodha ya wagonjwa wa mtaa, na nauli ya kufika hospitali ya wilaya kwa yule ambaye bado hajamwona daktari.

Mahali pa kulifundisha hili tunapo tayari. Darasa la Kipaimara linakusanya vijana kwa muda mrefu, na mengi wanayokariri humo ni ya lazima. Liongezwe somo la 1 Wakorintho 14 lote, pamoja na ile idadi ya wawili au watatu, pamoja na Agabo na sura mbili za Kumbukumbu la Torati, na vijana wapewe nafasi ya kupima mahubiri waliyoyasikia redioni au kwenye simu wiki hiyo, mbele ya mwalimu, wakitoa sababu. Binti wa miaka 15 anayetoka katika darasa hilo atakuwa ameshawahi kumuuliza mtumishi wa Mungu swali, akajibiwa kwa heshima, kabla hajakutana na yule asiyetaka kuulizwa.